Jani la Chini Hufa Kwanza

Mahindi yaliyopandwa Shinyanga kwa mvua za Novemba huwa yamefika kiunoni katikati ya Januari, na hapo ndipo majani yake ya chini huanza kugeuka manjano. Rangi hiyo huanzia kwenye ncha, ikashuka kwa kuufuata mshipa mkuu, huku kingo zikibaki kijani kwa siku kadhaa, hata ukilitazama jani kwa juu unaona herufi V iliyochorwa ndani yake. Baadaye ncha hukauka ikawa kahawia na jani zima likaning'inia. Wengi husema jua limechoma. Wengine husema ni kawaida, mahindi hukauka kuanzia chini. Mwenye shamba huyakwanyua majani yale akawapa mbuzi, na mwezi wa tano anavuna magunia matatu kwa ekari mahali alipotarajia kumi.

Jani lile halikuchomwa na jua. Limebomolewa kutoka ndani, na aliyelibomoa ni mmea wenyewe, kwa utaratibu ambao wanasayansi wamehitaji miaka mingi kuuelewa. Katika sura hii nataka tuingie mpaka ndani ya seli za jani hilo, kwa sababu mkulima anayejua kinachotendeka mle anaweza kuliuliza jani swali na likamjibu. Asiyejua hununua mfuko wowote anaouziwa dukani, au hanunui kabisa.

Seli za jani zimesheheni vidonge vidogo vya kijani viitwavyo kloroplasti. Humo mwanga wa jua hukamatwa na hewa ya ukaa ikageuzwa sukari. Humo pia ndimo mmea ulikoweka mali yake: katika jani lenye afya, karibu robo tatu ya nitrojeni yote imo ndani ya kloroplasti. Watu wengi, hata waliosoma, hudhani nitrojeni hiyo imo kwenye umbijani, ile klorofili ya vitabu vya shule. Ni kweli kwamba kila molekuli ya umbijani ina atomi nne za nitrojeni zilizoizunguka atomi moja ya magnesi. Lakini ukikusanya umbijani wote wa seli, unakuta umebeba asilimia 2 hivi tu ya nitrojeni ya seli hiyo. Nitrojeni nyingi imo kwenye protini: zile zinazoushikilia umbijani mahali pake, na kimeng'enya kiitwacho Rubisko, kinachoinasa hewa ya ukaa.

Mizizi ikikosa nitrojeni huku juu kuna majani machanga ya kukuza na gunzi la kujaza, seli za jani kongwe hupata amri ya kujibomoa. Protini hukatwakatwa kuwa amino asidi, zikapakiwa kwenye mirija ya floemu na kupandishwa juu. Vipande vya kloroplasti hufungwa kwenye vifuko vidogo na kupelekwa kwenye vakuoli, kile kifuko kikubwa cha maji kinachojaza sehemu kubwa ya seli, vikameng'enywe huko. Hapo seli inakabiliwa na tatizo. Umbijani ulioachwa bila protini yake ni sumu: ukipigwa na mwanga huzalisha oksijeni kali inayounguza utando wa seli. Kwa hiyo ni lazima umbijani uvunjwe kwa uangalifu, hatua kwa hatua, mpaka uwe kitu kisicho na rangi, na mabaki yake yatupwe ndani ya vakuoli. Yanabaki humo. Nitrojeni iliyomo ndani yake haipelekwi popote. Mmea unakubali kuipoteza hiyo asilimia 2 ili uzifikie protini. Na manjano unayoyaona hayakuletwa na ugonjwa wowote. Ni karotenoidi zilizokuwa mle tangu jani lilipozaliwa, zikiwa zimefunikwa na kijani.

Kila ninapoisoma habari hii husimama kwenye jambo moja. Kiini cha seli na mitokondria zake huachwa mpaka mwisho, kwa kuwa kubomoa nako kunahitaji maagizo na nishati. Maana yake ni kwamba jani lililoanza tu kufifia bado liko hai na bado linaweza kurudishwa. Nitrojeni ikifika mapema, seli zenye kiini kizima zinaweza kujenga upya kloroplasti zake. Ikichelewa mpaka ncha imekauka, ncha hiyo imekwenda. Ile V inasomeka kwa njia hiyo hiyo: jani la mahindi, kama la nyasi zote, hukua kutoka chini kwenye shina, hivyo ncha ndiyo sehemu iliyozaliwa kwanza, na ndiyo inayoanza kutoa ilichonacho.

Hapo tayari tumepata swali la kwanza la kuliuliza shamba lolote: ni jani lipi limeanza? Nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesi husafirishwa kirahisi kutoka jani kongwe kwenda jani changa, kwa hiyo upungufu wake huonekana chini. Chuma, kalsiamu na boroni zikishajengwa ndani ya jani hazitoki tena. Jani kongwe hubaki kijani lililoshiba huku changa likizaliwa na njaa. Salfa husogea kwa shida, na zinki iko katikati. Mkulima akitazama tu kama manjano yako chini au juu ameshaondoa nusu ya majibu, na hajatumia hata shilingi.

Wasukuma walianza zamani kuusoma udongo wao kwa namna hiyo ya kutazama kilipo kitu. Ukitoka kwenye mawe ya itale yaliyo juu ya vilima vya Usukuma na kushuka mpaka bondeni, unapita luseni, ule mchanga mwepesi wa miteremko. Kisha itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu chini yake. Mahali pengine ibushi yenye chokaa. Na mwisho mbuga, udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mkemia wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliuita mfuatano wa aina hii katena. Neno hilo sasa liko katika vitabu vya udongo vya dunia nzima, na mteremko wa Ukiriguru, karibu na Mwanza, ni miongoni mwa mifano yake maarufu. Ningependa kila kitabu kinachomtaja Milne kiwataje pia wakulima waliokuwa wameshaipa kila hatua ya mteremko ule jina lake, na kujua ipi ni ya pamba, ipi ya malisho na ipi ya mpunga.

Luseni ndiyo inayotuhusu zaidi, maana ndiyo iliyolimwa mno. Mchanga unaotokana na itale hushika virutubisho vichache sana, na mboji yake ikishaisha hushika vichache zaidi. Kila tani moja ya punje za mahindi inayotoka shambani huondoka na takribani kilo 15 za nitrojeni. Pamba nayo ina hesabu yake, ambayo sijaisikia ikielezwa mikutanoni hata mara moja. Nyuzi za pamba ni selulosi karibu tupu: kaboni, hidrojeni na oksijeni, vitu vinavyotoka hewani na kwenye maji. Nyuzi pekee hazimaskinishi shamba. Nitrojeni na fosforasi ziko kwenye mbegu, na mbegu huenda kiwandani pamoja na nyuzi, zikakamuliwa mafuta, na mashudu yakauzwa kwa anayeweza kuyalipia. Shinyanga imepeleka mbegu viwandani kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1962 J. E. Peat na K. J. Brown walichapisha matokeo ya majaribio ya miaka mingi ya Ukiriguru katika kituo cha utafiti cha huko kuhusu pamba inayotegemea mvua. Walijaribu samadi, mbolea za viwandani na hata majivu ya mbegu za pamba. Waliona kwamba samadi ya ng'ombe iliyowekwa mara moja iliendelea kulisha pamba kwa misimu kadhaa iliyofuata.

Sehemu ya nguvu hiyo ya samadi hutokana na fosforasi iliyomo, na njaa ya fosforasi ni ya hila kuliko zote. Mmea wenye njaa ya nitrojeni unalia hadharani. Mmea wenye njaa ya fosforasi unaweza kuwa wa kijani kuliko wa jirani yake.

Sababu iko ndani ya seli. Fosforasi ndiyo inayobeba nishati katika molekuli ziitwazo ATP, ndiyo uti wa DNA, na ndiyo sehemu ya mafuta yanayojenga utando wa kila seli. Ikipungua, seli hupunguza kugawanyika na kutanuka mapema kuliko zinavyopunguza kutengeneza umbijani. Jani linakuwa dogo, na umbijani uliokusudiwa jani kubwa unabanana ndani ya seli ndogo. Mpita njia anaona kijani kilichokolea na kusifu. Wakati huo seli inajinyima kwa kila namna: inaweza hata kuondoa mafuta yenye fosforasi kwenye utando wake na kuweka mengine yasiyo na fosforasi, yaliyojengwa kwa sukari au salfa, ili fosforasi iliyookolewa ifanye kazi nyingine. Sijui kiumbe kingine kinachobadilisha kuta za chumba chake kwa utulivu namna hiyo.

Halafu kuna sukari. Sukari inayotengenezwa ndani ya kloroplasti haitoki bure. Kila molekuli inayotoka hubadilishana na fosfati inayoingia. Fosfati ikiadimika nje, sukari hukwama ndani na kurundikana kama wanga, na mfumo mzima wa kukamata mwanga hupunguza kasi kwa kukosa mahali pa kupeleka bidhaa. Mmea unakaa juani mchana kutwa bila kukua. Sukari ikizidi kwenye seli, baadhi ya mimea hutengeneza antosiani, rangi ya zambarau inayohifadhiwa kwenye vakuoli. Ndiyo ile zambarau inayoonekana kwenye kingo na migongo ya majani ya mahindi machanga. Lakini usiitegemee peke yake. Kuna mbegu za mahindi zisizoonyesha zambarau kabisa hata zikifa njaa, na kuna mizizi iliyokatwa na wadudu inayoleta zambarau hiyo hiyo kwenye udongo ulioshiba. Majani ya pamba nayo huwa mekundu kwa sababu nyingi, wakiwamo wadudu wafyonzaji ambao watafiti wa Ukiriguru walipambana nao kwa kuzalisha pamba yenye majani ya vinyweleo.

Kwenye choroko na kunde hila hii inazaa nyingine. Mikunde hujitengenezea nitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vifundo vya mizizi, na kazi hiyo hula fosforasi nyingi. Choroko iliyo manjano kwenye luseni huenda ina njaa ya nitrojeni kweli, lakini dawa yake ikawa fosforasi.

Ukitoka Shinyanga kwenda Geita udongo hubadilika rangi. Miamba ya ukanda wa dhahabu ni ya kale mno, yenye chuma kingi. Sehemu kubwa ya dhahabu ya Geita imo kwenye mawe ya chuma yenye mistari. Miamba hiyo ikioza hutoa udongo mwekundu, na oksidi za chuma zilizomo huishika fosfati kwa nguvu kiasi kwamba mizizi haiwezi kuibandua. Ni njaa ya aina nyingine: luseni ina fosforasi kidogo kwa kuwa haina kitu, udongo mwekundu unayo lakini umeikamatia. Mfuko uleule wa mbolea ya DAP, wenye asilimia 46 ya fosfati kwa kipimo cha wauza mbolea, utaleta matokeo tofauti ukimwagwa ovyo huku na kule. Kwenye udongo mwekundu mkulima hana budi kuiweka mbolea hiyo karibu na mbegu, kwenye shimo, ili udongo usiinyang'anye mizizi. Mbolea ya Minjingu, inayotokana na mwamba wa fosfati uliopo karibu na Ziwa Manyara, huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye asidi. Kwenye ibushi yenye chokaa haitafanya kazi ya maana.

Mmea wenye njaa ya fosforasi haukai kimya, kwa bahati mbaya. Mizizi yake humwaga kemikali za kuwaita kuvu rafiki wa udongoni, wenye nyuzi nyembamba zinazofika mahali mzizi usipofika na kurudi na fosfati. Kemikali hizo husikiwa pia na kiduha, gugu nyonyaji. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, hulala ardhini miaka mingi zikingoja, na zikipata dalili hiyo huchipua na kujichomeka kwenye mzizi wa mtama au mahindi. Kwa hiyo kiduha kufurika kwenye shamba lililochoka si laana wala bahati. Kadiri udongo unavyokuwa na njaa ndivyo mizizi inavyopaza sauti. Na hapa pamba inaingia kwa namna ambayo kila mkulima wa Shinyanga anapaswa kuijua: kemikali ya kwanza ya aina hii kutambuliwa, strigoli, ilipatikana mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba, miaka mingi kabla ya watafiti wa Japani kuonyesha, mwaka 2005, kwamba moja ya kazi za kemikali hizi ni kuwaita kuvu. Pamba huamsha kiduha lakini kiduha hakiwezi kuishi juu yake. Kinachipua, kinakosa mwenyeji, kinakufa. Msimu wa pamba kabla ya mtama hupunguza akiba ya mbegu za kiduha ardhini.

Sasa tupande juu ya mmea. Kwenye ibushi na mahali pengine penye chokaa unaweza kukuta karanga au mtama wenye majani ya chini ya kijani kabisa huku yale machanga yakiwa manjano hafifu, wakati mwingine karibu meupe, mishipa pekee ikibaki kijani. Hiyo ni njaa ya chuma katikati ya udongo uliojaa chuma, kwani chokaa hukifanya chuma kisiyeyuke. Chuma hakimo ndani ya umbijani. Kinahitajika kwa vimeng'enya vinavyoutengeneza na kwa mnyororo wa protini unaopitisha nishati ya mwanga, kwa hiyo bila chuma kloroplasti changa haijengeki sawasawa. Mfaransa Eusèbe Gris aligundua katika miaka ya 1840 kwamba jani la manjano la aina hii likipakwa maji ya chumvi ya chuma hurudi kijani, na mwaka 1857 Arthur Gris alitazama majani ya namna hiyo kwa hadubini na kuona kwamba kloroplasti zenyewe ndizo zilizodumaa. Jaribio lile linaweza kufanywa leo kwa brashi ndogo: jani hurudi kijani mahali palipopakwa tu.

Manjano ya juu yenye mishipa ya manjano pia, jani zima likiwa la rangi moja iliyofifia, hunielekeza kwenye salfa, na hapo kuna kisa cha hapa kwetu ambacho kingefaa kufundishwa kila chuo cha kilimo. H. H. Storey alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea pale Amani. Ndiye aliyeonyesha kwamba ugonjwa wa michirizi ya mahindi huenezwa na mdudu mdogo arukaye, na jina lake likafungamana na virusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kulikuwa na chai iliyokuwa ikigeuka manjano na kufa huko Nyasaland, Malawi ya leo. Mwaka 1933 Storey na R. Leach walichapisha jibu lao, na halikuwa kirusi. Chai ilikuwa na njaa ya salfa. Mtu aliyezoea kuona virusi kila upande alikuwa na uaminifu wa kutosha kukiri kilichokuwa mbele ya macho yake.

Salfa hupotea mashambani kwa moto. Mabua na nyasi zikichomwa baada ya mavuno, nitrojeni na salfa huondoka na moshi, potasiamu na fosforasi zikabaki kwenye majivu. Zamani upungufu huo ulizibwa bila mtu kujua, kwa kuwa mbolea ya SA iliyotumika sana ina asilimia 24 ya salfa pamoja na 21 ya nitrojeni. Kisha ikaja urea yenye asilimia 46 ya nitrojeni, nyepesi kusafirisha, ikachukua nafasi. Haina salfa hata kidogo. SA nayo ina kosa lake: ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huongeza asidi kwenye mchanga usio na kinga. Wazee wanaosema mbolea ya dukani huharibu udongo hawazui. Kuna mbolea na kuna udongo ambavyo vikikutana kwa muda mrefu maneno yao ni ya kweli. Wanachokosa ni kuambiwa ipi, wapi, na kwamba samadi na mabua yanayorudishwa shambani hupunguza madhara hayo.

Mpaka hapa nimezungumzia njaa tupu. Lakini katika ukanda wa dhahabu jani la manjano linaweza kuwa na maelezo mengine, na hili ndilo lililonifanya niiandike sura hii kuhusu Geita na Shinyanga pamoja.

Dhahabu ya wachimbaji wadogo husagwa kwenye makarasha, ikaoshwa, ikachanganywa na zebaki, kisha mchanganyiko ukachomwa motoni ili zebaki iondoke kama mvuke na dhahabu ibaki. Rwamagasa, wilayani Geita, ni miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa na mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mvuke ule hauishii kwenye mapafu ya mchomaji. Majani ya mimea yana vitundu, stomata, ambavyo hufunguka mchana kuvuta hewa ya ukaa, na mvuke wa zebaki huingia humo humo. Jani linaweza kukusanya zebaki ya hewani hata kama udongo ulio chini yake ni safi, na kwa kuwa zebaki imo ndani ya jani, kuliosha hakuiondoi. Nawafikiria akina mama wanaochuma majani ya kunde karibu na makarasha, kuyachemsha na kuyaanika yawe nsansa ya kiangazi.

Ndani ya seli zebaki hung'ang'ania salfa iliyomo kwenye protini na kuzilemaza. Mwaka 1996 Hendrik Küpper na wenzake huko Ujerumani walionyesha, kwa mimea ya majini, kwamba metali nzito, zebaki ikiwamo, zinaweza kuiondoa ile atomi ya magnesi katikati ya umbijani na kukaa mahali pake. Umbijani wa namna hiyo haufanyi kazi. Kwa macho, mmea unaweza kuonekana kama una njaa ya magnesi au chuma, na mkulima akamwaga mbolea mahali ambapo njaa haipo.

Aseniki ina ujanja wake, unaohusiana moja kwa moja na yale niliyoyasema kuhusu fosforasi. Mara nyingi hukaa pamoja na dhahabu kwenye miamba, na mwamba ukisagwa na kuachwa wazi huweza kutoka. Ina sura mbili, aseniti na asenati, na kila moja huingia kwenye mmea kwa njia yake. Asenati inafanana mno na fosfati, na mizizi haiwezi kuzitofautisha. Milango ya fosfati huipokea. Mmea wenye njaa ya fosforasi huongeza milango hiyo. Kwa hiyo udongo mwekundu wa Geita, ulioishika fosfati, unaweza kuufanya mmea ufungue kwa pupa kila mlango ambao aseniki inaweza kupitia. Ikishaingia huchukua nafasi ya fosfati katika utengenezaji wa ATP, ikazaa kitu kinachovunjika papo hapo, na nishati ikapotea. Kwenye majaruba ya mpunga hali ni tofauti. Udongo uliojaa maji hukosa oksijeni, asenati hugeuka aseniti, nayo hupitia milango ya silika, ambayo mpunga unayo mingi kwa kuwa majani na makapi yake hujengwa kwa silika. Kuongeza fosfati si jibu rahisi, maana fosfati inayoizuia aseniki mlangoni inaweza pia kuibandua kutoka kwenye chembe za udongo na kuiachia majini. Ni mambo ya kupimwa mahali kwa mahali.

Marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa, huleta jambo la tatu. Yakiwa na madini yenye salfa, hewa na mvua huyageuza kuwa asidi. Asidi inayoteremka shambani huyeyusha alumini, alumini hudumaza ncha za mizizi, na mizizi mifupi haifikii fosfati wala maji. Majani yataonyesha njaa ya kila kitu kwa pamoja.

Kwa hiyo mkulima afanye nini mbele ya jani la manjano, kama bwana shamba yuko mbali na maabara iko mbali zaidi? Atumie matuta yake. Wasukuma hulima kwa matuta, na tuta ni kitalu cha majaribio kilichokwisha tayarishwa. Achague matano yanayopakana. Moja aliwekee urea, la pili DAP, la tatu SA, la nne samadi ya zizini iliyoiva, la tano aliache tupu. Afunge vituta vidogo katikati ya matuta ili maji ya mvua yasikimbie, maana fosforasi husogea kuelekea mzizi kupitia maji tu, na kwenye mchanga mkavu hata mbolea nzuri hukaa bila kuliwa. Baada ya wiki mbili hadi tatu atazame majani mapya, si yale yaliyokwisha kukauka. Tuta la urea na la SA yakilishinda lile tupu na kupendeza sawasawa, njaa ilikuwa ya nitrojeni. La SA likilipita la urea kwa wazi, afikirie salfa. La DAP likiyashinda yote kwa kimo na si kwa rangi tu, fosforasi ndiyo iliyokuwa imebana.

Na kama shamba liko karibu na makarasha au chini ya marudio, na matuta yote matano yakabaki sawa na lile tupu, basi aache kununua mifuko. Udongo na majani ya shamba hilo yanahitaji kupimwa metali, kazi ambayo jicho haliwezi kuifanya. Kanda ya Ziwa ina ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali mjini Mwanza, na kwa upande wa rutuba kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru. Gharama ya kupima ni kubwa kwa mkulima mmoja, lakini kijiji kizima kinaweza kuchanga kwa sampuli chache zilizochukuliwa kwa mstari, kuanzia kwenye makarasha kwenda mbali. Wakati majibu yakisubiriwa, mboga za majani zichumwe kwenye mashamba yaliyo mbali na mahali pa kuchomea, upande ambao upepo hauuleti moshi.